Dereva Aliyeendesha Gari kwa Mafuta ya Kukaangia

Ijumaa hii dereva wa kituo chetu cha afya, yule tunayemwita Chujio, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Wenzake wameniachia mimi wa jikoni niandike, kwa sababu mafuta yake yalianzia kwenye karai langu.

Alianza kwa kufyeka majani ya uwanjani. Baadaye akawekwa stoo, kisha akapewa gari la wagonjwa la dizeli, ambalo hata siku hiyo lilikuwa limeshachoka. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wagonjwa hospitali kubwa na kuwarudisha, na hakuwahi kumgombeza hata aliyemtapikia kiti.

Halafu dizeli ikaanza kusumbua. Inaletwa kidogo, inakatika, gari linakaa bandani. Mama mmoja mjamzito alisubiri kwenye benchi la nje tangu asubuhi, na jioni tukamfunika shuka pale pale, yeye na mtoto tumboni. Chujio alishika upande wa kichwa tulipombeba. Kesho yake akaja jikoni na dumu tupu, akaniomba nisimwage mafuta niliyokwisha kukaangia.

Nilimuuliza kama sasa anataka kulikaanga gari. Wauguzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akawa anapita hata kwa wauza chipsi wa mtaani. Anayaacha mafuta yatulie, anayachuja kwa shuka kuukuu, anayachemsha mpaka maji yaishe. Hapo ndipo jina la Chujio lilipomganda. Akafunga tanki la pili nyuma ya kiti, akalizungushia bomba la maji ya moto kutoka kwenye injini ili mafuta yawe mepesi. Gari linawashwa kwa dizeli kidogo, likishapata moto anageuza koki ya kubadili tanki, linakwenda kwa mafuta ya kukaangia. Kabla ya kuzima lazima koki irudi kwenye dizeli ili ioshe mabomba. Usipofanya hivyo mafuta yanapoa humo ndani, yanakuwa mazito, na gari haliwaki.

Siku ya kwanza lilitoka getini likinuka viazi. Mgonjwa aliyekatazwa kula kabla ya kupasuliwa alilalamika kwamba huko sasa ni kumtesa. Lakini alifika.

Binti yangu ni mmoja wa abiria wake. Figo zimemshinda, lazima aende kusafishwa damu. Akikosa safari anavimba uso, na pumzi anazitafuta.

Koki aliisahau mara moja tu. Mkewe, ambaye kwangu alikuwa kama dada, alizidiwa wodini kwetu. Chujio alifika mbio, akazima gari, akaingia, akamkuta ameshakata roho. Asubuhi yake palikuwa na baridi, gari likagoma. Nilikaa nje na binti yangu, sina uso wa kumwita mtu aliyefiwa. Akaja mwenyewe, na nguo zake za msiba. Akalala chini ya gari, akawa anayamwagia mabomba maji ya moto niliyompelekea kwa birika. Nikamwambia, "Shemeji, nenda kwa mkeo." Akanijibu kutoka kule chini, "Mke wangu hana haraka tena. Lete maji." Akampeleka binti yangu, akamrudisha, ndipo akaenda kuzika.

Sasa kifua chake kimekwisha, ngazi mbili tu anashika ukuta. Dereva mpya ni kijana mwenye adabu, ila wiki iliyopita alizima gari bila kurudisha koki. Chujio alimlaza chini ya gari mpaka akazibua mwenyewe, huku akimtania, "Gari hili ni kama shangazi yangu, halilali bila kuoga." Tangu hapo kijana hajasahau. Nikisema sina wasiwasi nitakuwa nadanganya.

Chujio, kituo kizima kinakushukuru, hata waliobebwa na wewe wakiwa hawajitambui. Nimesikia umesema Jumanne, siku ya binti yangu kusafishwa damu, utapita uhakikishe gari limewaka. Usije. Binti yangu atapanda na dereva mpya, mimi nitasimama getini mpaka wakate kona, na hofu ya siku hiyo niachie mimi. Wewe lala hadi jua likuamshe. Sote tunakuombea mapumziko ya amani na pumzi ya kutosha, shemeji yetu.