Debe la Umuhire

Teksi ya Mbarara ilipotoka Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, askari wa kikosi cha Makenke aligonga debe la mafuta ya msaada alilolipakata Umuhire. "Mama, unasema hii kompyuta? Wapi! Hii debe."

"Debe ni nyumba yake tu, afande. Byuma bya ndani niliunga miye mwenyewe."

"Na inafanya kazi?"

Swali lilimchoma. "Inawaka, lakini Windows inakatala, eti haijue mashini hii. Naenda kutafuta Linux, ile programu ya bure isiyochagua mashini. Kesho bamama banaanza masomo ya mangaribi, na kompyuta ni hii moja."

"Tupa, nunua ya duka."

"Kwetu debe ni jiko, ni mulango, ni paa. Nani tuliomba ruhusa ya kuligeuza?"

Walipofika Mbarara, askari alimshushia mzigo. "Debe tu," alisisitiza, akilibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala.