Mwalimu Hezroni Mmbaga, Aliyewapokea Vijana wa Myamba

Ndugu waombolezaji, marehemu aliomba wasifu wake usipakwe sukari. Familia imejadiliana, imenung'unika, na mwisho imemtii.

Mwalimu Hezroni Mmbaga alizaliwa hapa Myamba mwaka 1902, mtoto wa tatu wa Mzee Sefania na Mama Dorkasi. Alianza shule ya misheni mwaka 1912, akaiacha vita vilipofika milimani, kisha akarudi mwaka 1920, ndevu zimeanza kumtoka, akasoma na watoto waliomfika kiunoni. Walimcheka sana naye akavumilia. Alihitimu ualimu mwaka 1925.

Tarehe 12 Juni 1927 alifunga ndoa na Hedwiga, binti wa Mzee Zebedayo wa Shighatini. Yeye alisema Chasu, mkewe Kigweno, na kila mmoja alishikilia kwamba lugha ya kwao ndiyo tamu. Wakigombana, waligombana kwa Kiswahili ili asiwepo wa kuonewa. Mungu aliwajalia watoto watano.

Mwaka 1936 alianzisha Chama cha Vijana, kwa ajili ya watoto ambao shule iliwapita kando. Humo walijifunza kusoma, kushona, kuimba na kulima bustani. Mtoto mdogo aliingia akiwa ameshikwa mkono na kaka au dada aliyemo. Kijana mkubwa aliingia kwa kukubali kuwafundisha wadogo. Wa katikati, wa miaka kumi na kuendelea, walitakiwa kwanza kufanya kazi ya msaragambo, ile ya pamoja ya kijiji kizima, kwa msimu mzima, wakizoa matope ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Siku moja Mwalimu alishuka ndani na viatu vyake vya Jumapili kuwaonyesha jinsi ya kushika jembe, akazama hadi mapajani. Watoto walimvuta kwa koti. Alipotoka alikuwa na kiatu kimoja, akawaimbisha wimbo kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa tufike pale alipotaka tufike.

Mwalimu alikuwa pia msimamizi wa msaragambo. Tunajua wote desturi yetu: pembe ikipulizwa, kila nyumba itoe mtu, na nyumba isiyotoa hukatiwa zamu ya maji. Mwaka 1938 nyumba ya Mama Koleta haikutoa mtu. Mume alikwenda kwenye mashamba ya mkonge asirudi, na mama mwenyewe alikuwa na kidonda cha mguu. Binti yao Zipora, wa miaka kumi na mmoja, alitaka kuingia chamani ajue kusoma. Alikuja msimu mzima na jembe refu kuliko yeye, asikose hata mara moja.

Siku ya kupokelewa majina yakaitwa, la Zipora halikuitwa. Akasogea mbele.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mbona jina langu sijalisikia?”

“Kazi yako nimeihesabia nyumba ya mama yako. Maji yenu hayatakatwa. Wewe njoo msimu ujao.”

“Lakini Mwalimu, jembe nililishika mimi.”

“Mtoto habishani na mwalimu wake,” akasema marehemu, akaendelea kugawa vitambaa vya kijani kwa waliopokelewa.

Jioni alimwambia mkewe kwamba leo ameiokoa nyumba ya Mama Koleta. Aliamini hivyo kabisa. Hata sisi wengine tulimsifu. Zipora hakungoja msimu mwingine. Mwezi uleule aliteremka Makanya kulea watoto wa mwenye duka.

Mwaka 1943 marehemu alikuwa stesheni ya Makanya akisubiri treni, msichana akamwamkia kwa adabu, akamnyooshea tiketi. “Mwalimu, nisomee hapa. Imeandikwa wapi?” Alikuwa Zipora. Hakuwa akimsuta, alihitaji tu kujua anakokwenda. Mwalimu aliisoma ile tiketi hadi mwisho. Aliporudi mlimani alifuta sharti lake la msaragambo: tangu siku ile mtoto aliingia chamani kwa miguu yake mwenyewe, bila nyumba yao kuulizwa. Wengi wenu mliopo hapa mliingia kwa mlango huo. Zipora aliporudi safarini, Mwalimu aliteremka Makanya mara nyingi kumwomba aje chamani, naye alijibu, “Nitakaa na watoto, Mwalimu? Watanicheka.” Marehemu, aliyewahi kuchekwa, alipanda mlima peke yake. Sifa zote alizopewa baada ya hapo zilimchoma.

Mwezi Machi 1958 alianza kuumwa tumbo. Alilazwa Same, akarudishwa nyumbani mwezi Julai, akaagiza Zipora aitwe. Alikuja, akaketi kando ya kitanda.

“Zipora, nilikudhulumu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Ulinidhulumu.”

Marehemu alingoja neno la pili. Halikuja. Zipora alimnywesha uji hadi bakuli likaisha, akamfuta mdomo, akapanga mto, akaenda zake. Kesho yake akarudi, akafanya vilevile, na siku ya tatu pia. Mama Hedwiga alipotaka kumsihi aseme tu kwamba amesamehe, marehemu alimkataza. “Mwache. Kazi yake nilimhesabia mimi; hili usimhesabie tena.” Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1958, bado anangoja.

Marehemu ameacha mjane, Mama Hedwiga, watoto Asheri, Priska, Reginald, Rogathe na Eliufoo, wajukuu wanane, na vijana wa chama wasio na idadi. Familia imemwomba pia Zipora akae nasi kwenye benchi la wafiwa. Amesema atafikiri, na mpaka sasa amesimama kule nyuma.

Mungu amlaze mtumishi wake kwa amani. Nafasi kwenye benchi bado ipo.