Amina za Klabu ya Matembezi

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele yake basini hawakumpa nafasi. Watu wenye la moyoni hawajui kunong'ona. Mmoja, mwenyekiti wa klabu ya matembezi ya kanisa lao, hakutulia: mara simu, mara dirisha.

"Niliwatoa kwenye kundi la simu wote wasiojibu. Natuma neno la Mungu, mtu kimya! Huyo ni mwenzetu?"

"Hata bibi mshonaji?"

"Hata yeye. Hajawahi kuandika Amina."

"Lakini dada, kila Jumamosi si yeye huwa wa kwanza kufika kanisani, raba miguuni?"

"Kutembea ni kutembea, ushirika ni ushirika."

"Kumbe siku hizi mnatembea kwa vidole."

Muuguzi akafumbua jicho moja. Usingizi ulishaaga.

"Leo nilitangaza tuanzie uwanjani," mwenyekiti akasema, sauti imeshuka. "Amina zikamiminika. Nimesubiri weee, hakutokea hata wa dawa."

"Na bibi, nani alimwambia mmehama?"

Mwenyekiti akageukia dirisha. Basi lilikuwa likisimama mbele ya kanisa. Pale kwenye ngazi alikaa bibi mmoja, raba miguuni, peke yake. Alipomwona mwenyekiti dirishani, akainuka, akaanza kunyoosha miguu.