Mkalimani wa Misa ya Pili

Ndugu zangu, mama zangu, na ninyi mliochaguliwa kusoma na kutafsiri katika parokia yetu, nivumilieni kwanza kwa jambo moja dogo. Mmeona nimesimama huku upande wa kushoto wa meza, hatua moja nyuma, kana kwamba kuna mtu mwingine anayekuja kusimama katikati. Hakuna anayekuja. Ni mazoea tu. Nilisimama hivi kila Jumapili kwa miaka mingi na miguu ikashika njia yake.

Paroko ameniomba niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitakwenda polepole. Mahali fulani mtachanganyikiwa, na msione aibu, maana mimi mwenyewe nilichanganyikiwa zaidi yenu.

Wengi mnanijua kwa chumvi. Naitoa Kabatoro, nauza Bwera, na wateja wangu wengi wanavuka mpaka kutoka ng'ambo. Nilizaliwa Butembo, ng'ambo ya mpaka, lakini shangazi yangu aliyeolewa Kyondo, upande huu, alinichukua nikiwa mdogo, nikasoma huku hadi Senior Four, mwaka wa nne wa sekondari. Kiingereza changu kilitoka hapo. Baadaye nilirudi kwetu nikaolewa, na vita vilipotufukuza nikavuka tena, safari hiyo nikiwa na watoto watatu na sufuria moja.

Paroko wetu wa zamani alikuwa mzee kutoka upande wa Toro. Sala za Misa alizisoma vizuri kwenye kitabu cha Kiswahili, lakini mahubiri ya Kiswahili yalimshinda. Misa ya kwanza, katekista alimtafsiria kwa Lhukonzo, lugha ya milima yetu. Misa ya pili ilikuwa ya mchanganyiko: wakimbizi wa kila kabila, wachuuzi, askari wa mpakani na wake zao. Hao alihitaji mtu wa kuwatafsiria kwa Kiswahili. Akanipata mimi. Yeye alisema sentensi moja kwa Kiingereza, akanyamaza, nami nikaisema kwa Kiswahili. Tukaenda hivyo kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Sasa sikilizeni lilivyoanza, maana halikuanza kama kosa. Jumapili moja mzee alitoa mfano wa lifti ya ghorofa huko Kampala. Akasema neema inakupandisha juu bila wewe kukanyaga ngazi. Nikawatazama watu. Nani kati yao alikuwa amewahi kupanda lifti? Basi nikasema: neema ni kama lori linalokukuta unapanda Kyondo na gunia la kahawa kichwani, dereva anasimama anakuambia, tupa mzigo nyuma, panda. Watu wakacheka, wakaitika. Mzee akafurahi kuona lifti yake imependwa.

Mkalimani anayegeuza lifti kuwa lori amefanya kazi yake. Hilo liwekeni akilini. Lakini mimi nilionja kule kuitika kwa watu, na Jumapili iliyofuata nikaongeza kidogo, na nyingine nikaongeza tena. Mzee alikuwa mtu mwema, mwenye maneno makavu. Alieleza Injili kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa na maneno mengi tumboni, na tangu nivuke hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Kwaresima moja alihubiri juu ya kufunga. Aliposema tu neno njaa, mimi nikawaeleza watu habari ya mama aliyeacha maharagwe jikoni yakichemka, akakimbia, na mpaka leo anajiuliza nani aliyala. Kina mama wakalia kwa sauti. Mzee alinigeukia kwa mshangao. Sidhani aliwahi kuona watu wakililia kufunga kiasi kile.

Watu wakaanza kusema, padri wetu anatujua. Nami nilitembea nyumbani nimejaa, kama niliyekula harusini.

Kisha miguu ya mzee ikachoka. Barua ya Baba Askofu ikasomwa kwenye matangazo: mzee anakwenda kupumzika Kasese, na tutapata paroko mpya. Mzee aliondoka haraka, hata hakuzunguka vigangoni kuaga. Wiki mbili baadaye akaja huyu mpya. Ni mtoto wa milima yetu, lakini ametumikia Tanzania miaka mingi. Siku hiyo Injili ilipokwisha nilisimama kama kawaida, nikaenda mahali pangu kushoto. Akanitazama kwa upole, akaniinamia akasema, "Mama, leo pumzika. Nitajaribu mwenyewe."

Nikarudi kukaa. Kanisa letu si kubwa, lakini siku ile lilikuwa na safari ndefu. Naye akahubiri Kiswahili kilichonyooka mpaka jirani yangu akanong'ona, "Huyu anasema kama redio."

Nawaambia kweli, nilianguka hapo. Sikuanguka kwa pombe wala kwa mume wa mtu. Nilianguka kwa kukaa kimya. Jumapili iliyofuata nilienda kuchukua chumvi Kabatoro, nikasema lori halingoji. Iliyofuata pia. Nyumbani nikianza kusali, sikujua ni nani anayesali. Nilikuwa nimezoea kusubiri mtu aseme kwanza. Nikawa mtu wa kugombana na mizani. Watoto wakaniuliza kama naumwa, lakini hapakuuma mahali popote ninapoweza kuweka kidole.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonipa nguvu, na nakisema kwa aibu. Watu walikuja kwenye meza yangu ya chumvi kumlalamikia padri mpya. Anasoma Injili, anaeleza Injili, anakaa. Hajui mateso yetu. Yule mzee ndiye aliyetujua. Nilipima chumvi yao nikawaongezea kiganja juu.

Malalamiko yakawa kikao. Wazee na mama wa Misa ya pili walikaa nyumbani kwa mmoja wao, wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, siku ya kumkaribisha paroko rasmi, wakati kila kigango na kila kikundi kinapopeleka mbele ndizi, kahawa, kuku na mbuzi, sisi hatutasimama. La pili, iandikwe barua kwa Baba Askofu aturudishie mzee. Nani aandike? Mwenye Kiingereza ni mimi, na nilikuwa karibu na mzee kuliko wote.

Nikachukua kalamu. Wakaanza kunitajia maneno ya mzee, ili Askofu aone ametunyang'anya mtu wa namna gani. Mama mmoja mzee wa kutoka Beni akasema, andika ile ya maharagwe. Nikaandika. Mwingine akasema ile ya mtu aliyevuka na ufunguo wa nyumba iliyochomwa. Nikaandika. Kisha fundi wa baiskeli, mtu asiyesema sana, akasimama. Akaeleza jinsi kaka yake alivyouza shamba la familia yeye akiwa amekimbia, na jinsi mahubiri ya mzee yalivyomfanya amsamehe. Yalikuwa mahubiri ya ndugu wawili waliotenganishwa na mto.

"Andika hiyo, mama," akasema. "Padri wa kusema vile hatutapata mwingine."

Ndugu zangu, hiyo nayo niliiandika. Maharagwe yalikuwa yangu. Ufunguo ulikuwa wangu, mpaka leo ninao. Mto na ndugu wawili, hata huo niliuongeza mimi. Walikuwa wanamkataa padri mmoja kwa ajili ya padri mwingine ambaye hakuwahi kuwepo. Kama ningesema, ningewanyang'anya machozi yao, na yule fundi huenda ningemnyang'anya kaka yake. Kama ningenyamaza, mtu asiye na kosa angefukuzwa kwa maneno yangu. Niligeuka huku na huku sikuona pa kutokea. Hata nilijiuliza: kama walisaidika, dhambi iko wapi? Kisha nikajiuliza: kama hakuna dhambi, kwa nini siwezi kuwaambia?

Kikao kilinituma Kasese nimsomee mzee barua ile apate kuibariki. Nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti uwanjani, miguu juu ya kigoda. Barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo hakunihitaji. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

Akasema, "Maneno mazuri haya. Nani aliyasema?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia yote, tangu lifti. Nilingoja akasirike. Yeye akasema alikuwa anashangaa, maana yeye alisema sentensi moja na mimi nikasema tano, akafikiri Kiswahili ni lugha ndefu. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Lakini yeye hakucheka kwa muda mrefu. Akakunja barua, akanirudishia, akaniuliza, "Basi niambie neno langu moja. Moja tu ulilolipeleka kama nilivyokupa."

Nilitafuta. Miaka yote ile, Jumapili baada ya Jumapili, na sikupata hata moja. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaangalia kuku wakipita. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nalia kwamba padri mpya alininyima mahali pangu, kumbe mimi nilikuwa nimemnyima mzee yule mahali pake kwa miaka, mbele ya macho yake, naye ananishukuru.

Wakati wa kuaga nilimwomba msamaha. Akanipa, akaongeza, "Mimi umeshaniambia. Lakini aliyekuwa akikusikia si mimi. Waambie waliokusikia."

Nilimwendea paroko mpya kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi kuona makosa si yake, lakini alikuwa amehuzunika. Akasema, "Kwa hiyo watu wangu walikuwa na njaa ya kusikia habari zao wenyewe, nami nimekuwa nikiwapa Kiswahili kizuri." Nikamwomba aseme yeye mbele ya watu. Akakataa. Alinipa dakika tano siku ya makaribisho, kabla ya vikundi kupeleka vitu mbele.

Siku ile nilisimama palepale kushoto. Misa ya pili walikuwa wamekaa mikono mitupu, kama walivyokubaliana. Nikawaambia kama ninavyowaambia ninyi, kwa ufupi zaidi. Barua nikaionyesha, nikasema haikupelekwa, na kwa nini.

Mtu mmoja akatoka nje. Yule mama wa Beni akauliza kutoka alipokaa, "Sasa miye nililia juu ya nani?"

Nikamjibu kwamba yale maharagwe yalikuwa yangu. Sufuria ile ilikuwa jikoni kwangu.

Akanitazama sana. "Kumbe ilikuwa weye," akasema. "Na miaka yote hauseme."

Sikujua kama amenisamehe au amenilaumu. Mpaka leo sijui vizuri. Nadhani yote mawili. Lakini aliyenitia hofu ni fundi wa baiskeli. Alisimama, akashika kofia yake. Nikajiambia, sasa anamrudishia kaka yake ugomvi.

Akasema ile habari ya mto ilimliza, ndiyo, lakini alipotoka alibaki na hasira zake vilevile. Kilichomwondoa nyumbani kwenda kwa kaka yake ni neno la mwisho la siku ile, neno fupi. "Usingoje mpaka uelewe. Nenda kamwamkie kwanza."

Ndugu zangu, nililikumbuka. Siku ile nilikuwa na mafua, sauti iliniishia mwishoni, na sentensi ya mwisho ya mzee niliipeleka kama ilivyo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuiongeza. Ilikuwa kavu kama maneno yake yote. Ndiyo iliyofanya kazi.

Fundi hakungoja nimalize kushangaa. Alitoka nje akachukua kuku aliyekuwa amemfunga kwenye baiskeli yake, maana kumbe alikuja naye hata kama kikao kilikataa, akampeleka mbele kwa paroko, akamwamkia. Mama wa Beni akainuka nyuma yake. Hakuwa na kitu. Alivua kitambaa cha kichwani akakitandika sakafuni paroko apite. Wengine wakafuata, si wote. Wengine walichukua miezi.

Namshukuru paroko wetu, aliyenikaribisha nilipokuwa simkaribishi. Siku hizi kabla ya Jumapili huenda kukaa kwenye jumuiya, anauliza watu Injili inawagusa wapi, na mama wa Beni anajisemea mwenyewe kwa kinywa chake, kwa kirefu. Namshukuru huyo mama, ambaye bado ananinunia mara mojamoja na kunikumbatia mara mojamoja. Namshukuru fundi. Na namshukuru yule mzee. Jioni ya siku ile nilimpigia simu, nikamwambia, "Faza, nimepata moja lako." Nikamsomea, pamoja na habari ya fundi. Akauliza, "Na kaka yake, aliitikia?"

Nikamwambia aliitikia. Walikunywa chai.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nawapa hili moja. Geuzeni lifti kuwa lori, hiyo ni kazi yenu. Lakini mkiwa na sufuria yenu inayochemka moyoni, msiifiche ndani ya maneno ya mwingine. Njooni mseme, hii ni yangu. Mtaona tutakaa kuwasikiliza. Na padri mpya akija, kama hamumwelewi, kama hamjielewi hata ninyi, msingoje. Mwamkieni kwanza.

Nimemaliza. Nimewasemea kwa kinywa changu, na sikutafsiri mtu.