Milango Saba, Daftari Moja

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba fundi wa treni na mama mshonaji. Mkunga alishangaa kwamba mtoto halii, anatazama tu. Mama akamjibu, "Mwache atazame, wa kulia ninaye tayari." Wa kulia alikuwa dada yake mkubwa, ndiye anayesoma maneno haya, na mpaka leo hajaacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981. Alipokuwa darasa la tatu, siku ya kufunga shule, juisi iligawiwa kwenye madirisha mawili, kikombe kimoja kwa kila mtoto. Wajanja walikunywa dirisha la kwanza, wakazunguka mbio hadi la pili. Walimu wa kila dirisha waliapa wametoa kimoja kimoja tu, lakini darasa la kwanza walibaki na vikombe vitupu. Mwaka uliofuata marehemu alimpelekea mwalimu mkuu kipande cha chaki: kila anayekunywa apakwe mkononi, dirisha lolote lile. Wa kwanza kunaswa alikuwa dada yake.

"Hivi wewe ni ndugu yangu kweli?" alimfokea.

"Ndugu yako ndiyo, ila umeshakunywa."

Tangu siku hiyo jina la Chaki likamganda. Alimaliza sekondari mwaka 1992, na chuo cha kompyuta mwaka 1997.

Kuanzia Februari 2006 alifanya kazi kwenye kampuni ya ramani, ghorofa ya nne, juu ya duka la viatu. Baba alifariki akiamini mwanawe anatengeneza simu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: programu za makampuni mengine ziliuliza mitambo ya kampuni hiyo, "Nyumba hii iko wapi?" na kujibiwa, na kila mteja alilipia idadi yake ya maswali kwa dakika. Ila seva, yaani kompyuta za kujibu, zilikuwa saba, na kila moja ilihesabu kivyake. Mteja wa maswali mia aliuliza mia kila mlango, akaondoka na mia saba, huku kila seva ikiona hajavuka kikomo. Wateja wadogo walisubiri mpaka wakachoka. Marehemu akatengeneza daftari moja la hesabu, humo humo kwenye mitambo, ambalo seva zote zilipaswa kuliuliza kabla ya kujibu. Alisema ni madirisha yale yale na chaki ile ile.

Tarehe 3 Agosti 2011, saa nane mchana, daftari hilo lilikwama. Kwa dakika kumi na moja seva zote ziliwaambia wateja wote kwamba wamevuka kikomo, na mmoja wao alikuwa kituo cha magari ya wagonjwa. Kwa bahati hakuna aliyepoteza maisha. Madereva waliulizana njia kwa simu. Marehemu alikwenda kituoni mwenyewe, kwa miguu, kuomba radhi. Kisha akarudi kugombana na meneja wake, aliyeshikilia kwamba daftari likinyamaza milango yote ifungwe.

"Watatunyonya hao!" meneja alisema.

"Watunyonye dakika kumi, tutapona. Tukikosa habari za mtu tusimfungie mlango. Apite, na mmoja wetu aende kuangalia kulikoni."

Alishinda, yeye asiyejua kupandisha sauti. Kanuni hiyo inatumika mpaka leo.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2003, na binti mfamasia. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka 2015 walitengana bila vurugu. Wifi yetu yupo hapa, na ametuomba tusifiche kitu. "Nilikuwa namuuliza kama amechoka, ananiambia yupo sawa," alisema asubuhi hii. "Nikawa naamini, maana kuamini kulikuwa rahisi." Baada ya hapo marehemu aliishi peke yake, chumba na sebule nyuma ya kituo cha zimamoto. Alikuwa na viti viwili, na cha pili aliwekea pasi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022. Alisafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, akienda na kurudi mwenyewe. Na hapa tuseme ukweli mtupu. Dada yake alipiga simu mwanzoni, kisha akajiambia mdogo wao dereva yuko mji mmoja na mgonjwa, bila shaka anampitia. Dereva akajua kitinda mimba ndiye mwenye huruma, bila shaka anampikia. Kitinda mimba akajua dada mkubwa anavyopenda kusimamia watu, bila shaka yupo pale. Marehemu akiulizwa alijibu, "Nipo sawa." Alilazwa tarehe 20 Mei 2024, wodi namba tano, na kwenye nafasi ya ndugu wa karibu akaandika jina la mwenzake wa kazini. Huyo ndiye aliyemshika mkono Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alipofariki.

Ndugu zake walipokutana msibani, kila mmoja alimuuliza mwenzake, "Si wewe ulikuwa naye?" Yule mwenzake wa kazini, akidhani anawaliwaza, akawaeleza habari ya seva saba, kila moja na hesabu yake. Dada yake aliinuka akaenda kulia jikoni. Katika miezi saba ya mwisho, wote watatu kwa pamoja walikuwa wamempigia simu mara nne.

Ameacha mama mzazi mwenye miaka themanini na moja, dada, mdogo wa kiume, mdogo wa kike, wapwa watano, aliyekuwa mkewe, na mwenzake wa kazini, ambaye familia imemwandika hapa kama ndugu bila kumwomba ruhusa.

Mama naye anaishi peke yake. Juzi ndugu watatu walianza orodha moja kwenye simu zao, ili kila anayempigia aandike jina. Walimuuliza mama nani alimpigia mara ya mwisho, waanzie hapo. Mama akashangaa.

"Si Chaki? Alikuwa ananipigia kila siku. Jumamosi ile alinipigia kutoka hospitali, akaniuliza kama nimekula."

Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.

Tumekuja kuangalia kulikoni, mdogo wangu. Tumechelewa. Pumzika kwa amani.