Dakika Kumi za Mama Kabla ya Plasta: Tunamuaga Mjomba

Mjomba anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika kliniki ya miguu ya watoto. Kwenye barua za ofisi yeye ni fundi plasta. Jina la Mjomba alipewa na mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mwanawe anyamaze. Alimwambia huyo si daktari, huyo ni mjomba wako. Likaganda kama plasta yenyewe. Mkewe hulalamika kwamba aliolewa na mtu mwenye dada watatu, sasa anao elfu mbili, na wote wanamsimamisha sokoni.

Alianza kwa kufua bandeji. Fundi wa wakati huo alipougua mgongo, Mjomba alishika ndoo, akajifunza kwa kutazama, baadaye akapelekwa kozi ya miezi sita. Kwa wasiotufahamu: hapa huletwa watoto waliozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Mguu hunyooshwa kidogo, ukafungwa plasta; wiki ijayo inakatwa, inafungwa nyingine, mara sita au saba. Kisha ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito katikati, miaka minne. Kufunga plasta ni kazi ya dakika chache. Kurudi kila wiki ni kazi ya mama.

Mwaka wake wa tisa alifanya kosa ambalo mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya. Mama mmoja alikuwa akimweleza, huku mikono ya Mjomba ikiendelea na kazi, kwamba mama mkwe amekataza mtoto kuonyeshwa wageni, na kwamba yeye hajalala siku ya nne sasa. Mjomba alisikiliza kwa moyo wote. Alipomaliza, plasta ilikuwa safi, laini, haina kasoro, na iko kwenye mguu mzima. Ule wenye tatizo ulikuwa unapiga mateke hewani. Mama ndiye aliyeona kwanza. Alicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mjomba alipewa barua ya onyo. Aliijibu kwa mistari miwili: kosa ni lake, na kwa kuwa hawezi kusikiliza na kufunga kwa wakati mmoja, ataanza na kusikiliza. Wiki iliyofuata kila mama alikaa naye dakika kumi kwenye benchi la nyuma ya pazia kabla mtoto hajaguswa. Maswali yalikuwa matatu: umelala, umekula, nani nyumbani anakusema. Hakuhubiri. Mama akisema yuko salama tu, aliulizwa tena, maana hilo ndilo jibu la kila mtu. Aliyehitaji zaidi alipelekwa kwa mshauri, na Mjomba alimsindikiza mpaka mlangoni, asije akapotea njiani kwa makusudi.

Sisi wengine tulinung'unika. Foleni ilifika getini. Mkuu wa kliniki wa enzi hizo alimuuliza kama amehamia idara ya udaku. Mjomba alimjibu kwamba akina mama wanapotea kwenye plasta ya tatu, akamwomba ahesabu mwenyewe. Mkuu alihesabu. Kabla ya benchi, kati ya mama kumi, wanne hawakurudi. Miaka miwili baadaye, mmoja. Foleni ilibaki getini na hakuna aliyeuliza tena.

Anayeandika haya sasa anakaa mapokezi, lakini alifika hapa mara ya kwanza na mtoto wa wiki tatu na nia ya kutorudi. Nyumbani walikwisha kukubaliana kwamba mguu ule umetoka upande wake. Alimwambia Mjomba yuko salama. Akaulizwa mara ya pili. Mtoto huyo siku hizi anavunja vikombe kwa mpira sebuleni, na mama yake amechoka kwa sababu za kawaida.

Ratiba mpya haikuwa na dakika kumi hizo. Fundi anayekuja ni hodari, mkono wake mwepesi, Mjomba mwenyewe kasema. Ila amepangiwa robo saa kwa mtoto, basi. Mjomba hakutaka zawadi ya saa ya ukutani wala hotuba ya kuagwa. Aliingia kwa mkuu wa sasa mara tatu kuomba jambo hilo moja. Jumanne jibu lilitoka: dakika kumi zitabaki kwa majaribio ya miezi sita, zikisimamiwa na mapokezi. Mapokezi tumekubali. Tunaliandika hapa waziwazi ili baadaye asitokee wa kusema hakuambiwa: mama ataulizwa kwanza, na mwenye haraka atatusubiri.

Mjomba, asante kwa miaka yote hiyo. Nenda ukakae na mkeo, naye ana mengi ya kukueleza na mikono yako sasa haina kazi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na sokoni pasipo foleni. Kwetu usiwe na wasiwasi. Jumatatu saa mbili tuna akina mama kumi na wanne, na wa kwanza yuko kwenye plasta ya tatu.