Njia Mbili na Waya wa Darajani

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kitinda mimba wa mwashi na mkunga. Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi wa simu, akahitimu mwaka 1979. Shirika la simu likamwajiri mwaka huohuo, na wenzake wakambandika jina la Njia Mbili, maana kila mtambo alioukuta aliuliza, "Huu ukikatika, tunapita wapi?"

Alioa mwaka 1983. Alituma washenga wawili kwa barabara mbili tofauti, mmoja akikwama mwingine afike. Wakafika wote, tena pamoja. Baba mkwe akauliza, "Kwani huyu kijana anaoa mara ngapi?" Utani huo haukuisha nyumbani.

Kanuni yake aliivunja mara moja tu. Mwaka 1998 mji ulitakiwa upate waya wa akiba, wa kubeba simu endapo waya mkuu utakatika. Mvua zilikuwa karibu na wakubwa walitaka kazi iishe. Akaupitisha darajani, ndani ya bomba lilelile la waya mkuu. Mafuriko ya Aprili yakalibeba daraja na nyaya zote mbili. Asubuhi hiyo jirani yake, fundi cherehani, alipiga na kupiga simu ya gari la wagonjwa, isiite. Mumewe alifia mlangoni.

Marehemu alimwendea akamweleza ukweli wote. Jirani akajibu, "Nimekusikia, shemeji. Nenda." Tangu hapo aliona haya hata kupita mbele ya kibanda chake, alizunguka nyuma ya soko, mtu mzima, kofia usoni. Waya wa akiba aliuhamishia kilimani, na kila masika aliukagua kwa miguu, hata baada ya kustaafu mwaka 2017. Akisifiwa, aliinamisha kichwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 9 Mei 2024 alianguka uani, na mvua ilikuwa imeukata tena waya mkuu wa darajani, unaobeba hata simu za mkononi. Mkewe alipopiga yowe, jirani yule alikuja mbio na simu mkononi. Akapiga, ikaita, gari likaja. Kwenye machela marehemu alimwambia, huku akikwepa macho yake, "Simu yangu imepita. Yako haikupita."

"Imepita kilimani, ulikoipitisha," jirani akasema. "Pumua, shemeji."

Alifariki hospitalini tarehe 11 Mei, bado ana aibu. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Suti aliyovaa ameshonewa na jirani, ambaye alikataa malipo akaomba jambo moja: jeneza lipite mbele ya kibanda chake. Asubuhi hii limepita.

Apumzike kwa amani, na aibu yake ipumzike naye.